Samadi Katika Mashua Namba Kumi na Sita

Jumanne ile Inspekta Amos Tuckwell aliamka bado amenuna. Alikuwa amenuna tangu Jumamosi, na sote pale kituo cha polisi cha bandari ya Southampton tulijua sababu, ila hakuna aliyeitaja bila kwanza kusogea karibu na mlango. Alikuwa ameshindwa kwenye maonyesho ya mboga. Miaka minne mfululizo kombe la rubarbi lilikuwa lake, ile mboga ya mashina marefu machachu ambayo wake zetu huipika kwa sukari na kuifunika kwa unga. Mwaka huu wa 1913 alikwishapangusa vumbi juu ya meko mahali pa kuweka kombe la tano. Kombe likachukuliwa na Alfred Dibden.

Kilichomkera si kushindwa, alimwambia mkewe Harriet, na Harriet akacheka kwa sababu alijua ni kushindwa. Kilichomkera, Tuckwell aliendelea, ni kwamba Dibden ni mwangalizi wa taa kwenye meli ya Amarantha, na miezi yote ya baridi alikuwa baharini. Bustani yake imejaa magugu hadi kiunoni. Na rubarbi ya mapema haijioteshi. Inataka giza totoro, inataka joto la samadi ya farasi, na inataka mtu wa kuilinda kama mgonjwa. Ikionja mwanga wa mchana mmoja, majani yanageuka kijani na shina linakakamaa. Ya Dibden ilikuwa na urefu wa mkono mzima, imenyooka, nyeupe chini na waridi juu, na vijani vyake vya njano havikuzidi dole gumba.

"Niambie imeota wapi," alisema.

"Kunywa chai," Harriet alimjibu. "Umeshindwa na mboga, hujashindwa vita."

Akanywa, akavaa kofia, akaenda kazini kumfunga mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Enoch Pragnell, mtia makaa, aliyekuwa amelala chali kwenye mahabusu yetu akipiga mluzi. Jumatatu asubuhi, saa chache kabla Amarantha haijang'oa nanga kwenda New York, watia makaa hamsini na watatu waliteremka ngazi na mabegi begani, wakasema hawaendi kokote mpaka mashua za kuokolea zijaribiwe. Kampuni ikasema huo ni uasi na Pragnell ndiye aliyewatia maneno. Kesi ilipangwa Jumatano saa nne. Akipatikana na hatia ni miezi mitatu na kazi ngumu, na baya zaidi, kitabu chake cha ubaharia kitagongwa muhuri, asipate meli tena maishani. Mkewe Nell alikuwa na mimba ya miezi saba na alifua nguo za watu.

Hakimu yeyote wa bandari yetu angemwelewa, kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni mwaka jana tu ilipozama ile meli kubwa, mashua zake zikiwa za nusu ya watu, na nyingine zikaondoka hazijajaa kwa sababu hakuna aliyejua zinavyoteremshwa. Kule Northam, wanakoishi mabaharia wetu, kuna mitaa ambayo kila dirisha lilifunikwa kitambaa cheusi. Tangu hapo kampuni zote zilikimbilia kuongeza mashua. Amarantha ilikuwa na kumi na nne, sasa ina ishirini na nane, na kampuni ilizipaka rangi nyeupe ya kupendeza. Lakini kuelewa si ushahidi, na daftari la meli lilionyesha kwamba kila mashua hujaribiwa kila safari.

Tuckwell alikaa kwenye kibao, akatoa kalamu, akamuuliza Pragnell kwa nini anakataa kwenda baharini.

"Sikatai kwenda baharini, afande," Pragnell alisema. "Nakataa kwenda chini yake."

Alieleza kwamba Jumapili yeye na wenzake wanne walipanda juu kuitazama mashua waliyopangiwa, namba kumi na sita. Walijaribu kuzungusha kapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, wakakuta yameganda kwa rangi kama yamechongwa pamoja na mti. Walifunua ncha ya turubai. Ndani mlinuka zizi.

"Zizi gani?"

"La farasi. Samadi, afande. Nimezaliwa nyuma ya zizi, pua yangu hainidanganyi." Akainuka akaketi. "Iteremsheni ile mashua moja tu. Nikiiona imelowa tumboni, napanda melini saa hiyohiyo, hata kwa soksi."

Tuckwell hakuona samadi inahusu nini, lakini alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Aliandika samadi.

Ofisa mkuu wa Amarantha, Bwana Strickland, alimpokea kwa bashasha na biskuti. Alimpeleka moja kwa moja hadi mashua namba kumi na sita na kumwonyesha kamba mpya na kapi zinazong'aa kwa mafuta. Ziliteleza kwa kidole kimoja. Tuckwell alinusa yale mafuta na kujua ni ya jana usiku, lakini kujua huko hakukumsaidia. Kilichotakiwa ni hali ya mashua kabla ya Jumatatu, na hiyo ilikuwa imekwisha kupanguswa.

Kisha akachungulia chini ya mashua. Chini hapakuwa na maji. Palikuwa na mawe ya gati.

Strickland alicheka kidogo na kueleza. Amarantha hufunga ubavu wake wa kushoto kwenye gati hili, siku zote, kwa sababu milango ya mizigo iko upande huo. Mkaguzi wa serikali akija siku ya safari huteremshiwa mashua mbili za upande wa majini, anatia sahihi, anakunywa kahawa. Hizi za upande wa gati, zenye namba shufwa, haziwezi kuteremshwa hapa ila juu ya vichwa vya wapagazi. Lakini New York, alisema Strickland, meli hufunga ubavu wa pili, na huko ndiko zinakojaribiwa. Akafungua daftari. Tarehe 30 Januari, namba kumi na sita imeteremshwa majini na kupandishwa. Tarehe 27 Februari, vivyo hivyo. Sahihi yake hii hapa.

Tuckwell aliomba mashahidi, akaletewa mabaharia sita. Wote walisema mashua iliteremka "bila tatizo lolote", kwa maneno hayohayo na kwa mpangilio huohuo, na wa tano alipokwama, wa sita alimsukuma kwa kiwiko. Hakuna hata mmoja aliyemtazama machoni. Walikuwa na wake na watoto, na Strickland alikuwa amesimama mlangoni.

Akauliza kuhusu samadi. Strickland hakubabaika. Alisema meli iliwahi kuchukua farasi wa sarakasi. Tuckwell alipoteza saa nzima akifuata hao farasi kwenye hati za mizigo, akakuta kweli walikuwepo, kumi na wawili na punda mmoja, ila ilikuwa miaka miwili iliyopita na walikaa chini kabisa mbele ya meli. Farasi hapandi ngazi nne kwenda kujisaidia ndani ya mashua. Saa tisa alasiri ilikuwa imefika na hakuwa na kitu mkononi.

Ndipo alipovua koti, akaingia mwenyewe ndani ya namba kumi na sita.

Ilikuwa imesuguliwa. Mbao zilinukia sabuni, jambo la ajabu kwa mashua isiyobeba mtu. Alipiga magoti akainua mbao za sakafuni moja baada ya nyingine, na chini ya ile ya tatu, mahali brashi isipofika, alikuta nyasi kavu na konzi ya udongo mweusi. Udongo wenye samadi, uliolainishwa vizuri. Aliusugua kati ya vidole bila haraka, na moyoni akausifu kabla hajajua kwa nini anausifu. Halafu akaweka kiganja ubavuni mwa mashua ili anyanyuke, akakuta mbao zina joto. Dohani ya meli ilikuwa hatua mbili tu kutoka pale.

Giza chini ya turubai, alijisemea. Joto la dohani. Samadi.

Alirudi magotini na kuchokoa kwa ncha ya kalamu mpaka akakipata. Kijani kimoja, jani changa lililonyauka, la njano, ukubwa wa dole gumba.

Strickland aliyekuwa akisubiri nje alisikia kicheko kikitoka ndani ya mashua, akadhani inspekta amerukwa na akili. Tuckwell alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatoka, akakitia kijani ndani ya bahasha, akaomba radhi kwa usumbufu na kuchukua biskuti mbili za njiani.

Alfred Dibden alikuwa jikoni kwake, mtu mfupi mwenye masharubu ya kijivu, kombe likiwa katikati ya meza na kitambaa cha kulisugulia mkononi. Tuckwell aliweka kijani kando ya kombe. Dibden alikitazama, kisha akaketi taratibu.

"Umekuja kulichukua," alisema.

"Kanuni ya nne, Alfred. Mboga iote kwenye ardhi ya mshindani mwenyewe."

"Najua kanuni ya nne. Niliipigia kura."

Basi akaungama yote. Tarehe 20 Januari, kabla ya safari, alipandisha mashina manne ndani ya masanduku, usiku, na gunia la samadi kutoka zizi la wapagazi. Alichagua namba kumi na sita kwa sababu iko karibu na dohani na kwa sababu, kama kila mtu melini ajuavyo, mashua za upande ule hazijaguswa tangu zilipofungwa. Alikwenda New York na rubarbi, akarudi na rubarbi, akaenda tena. Ijumaa tarehe 7 Machi akavuna. Jumamosi akashinda. Alipofika kwenye ushindi macho yake yaling'aa, hata Tuckwell aliona wivu ukimpanda upya.

Tuckwell alimwambia hakuja kwa ajili ya kombe. Alimweleza kuhusu Pragnell na miezi mitatu, kuhusu kitabu chake na Nell. Akamwomba aje mahakamani aseme tu kile alichokisema sasa hivi. Dibden alisema Strickland atamfukuza kabla jua halijatua. Alisema ana miaka hamsini na minane na hajui kazi nyingine. Halafu, kwa sauti ndogo, akasema kwamba maisha yake yote hajawahi kushinda kitu chochote, hata bahati nasibu ya kanisani.

"Siwezi kukulazimisha," Tuckwell alisema. "Ila namba kumi na sita ni mashua yako pia, Alfred. Umepangiwa humo, nimeona orodha. Meli ikizama ungepanda kwenye nini, rubarbi?"

Dibden alikata kipande cha pai ya rubarbi, akakisukuma upande wa pili wa meza, maana hata katika msiba mgeni hala mate. Tuckwell alikula akitumaini itakuwa mbaya. Haikuwa mbaya. Alirudi nyumbani akamwambia Harriet kwamba yule mshenzi anastahili kombe, na hakulala.

Mahakama ilijaa hadi kwenye ngazi. Watia makaa hamsini na wawili walikaa upande mmoja wamevaa suti za kanisani, Nell akiwa mbele yao na mikono juu ya tumbo. Dibden hakuonekana. Kiti cha hakimu kilikaliwa na Kanali Bovill, mzee mwekundu wa uso, yuleyule aliyemkabidhi Dibden kombe siku ya Jumamosi. Strickland aliapa, akasoma daftari lake vizuri sana. Kisha akaitwa Tuckwell, ambaye kampuni ilimtegemea kama shahidi wao, na Tuckwell akasema yote aliyoyaona, udongo, joto na kijani, akakipitisha kijani kwenye bahasha yake mbele ya hakimu. Watu waliguna. Jina la mkulima hakulitaja.

Wakili wa kampuni alisimama akitabasamu. Alisema tukubali, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba kuna mtu aliotesha mboga ndani ya mashua. Kuna ubaya gani? Siku ya majaribio mboga ilitolewa, ikawekwa pembeni sitahani mchana mmoja, mashua ikateremshwa, mboga ikarudishwa.

"Mchana mmoja tu," alisema. "Nani angejua tofauti?"

"Mimi ningejua."

Sauti ilitoka nyuma, mlangoni. Dibden alikuwa amesimama pale na suti yake ya harusi, kombe kwapani, uso umemwiva kwa hasira. Alikuwa amekuja kusikiliza tu, alituambia baadaye. Alikuwa ameapa kunyamaza. Lakini kuna maneno mkulima hayavumilii. Alipita katikati ya watu, hakungoja kuitwa, na kwa shida karani aliwahi kumshikisha Biblia.

"Huyu bwana anasema rubarbi yangu iliwekwa sitahani," alisema. "New York. Mwezi wa kwanza. Theluji ilikuwa magotini. Ingekufa kabla hajamaliza kupiga chafya. Hakuna aliyefungua turubai lile tangu tarehe ishirini Januari hadi siku ninavuna, ila mimi, usiku, na taa nimeifunika kwa soksi. Mashua ile haikuteremka New York, wala hapa, wala popote. Ingeteremka, mashina yangepinda na majani yangekuwa kijani." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, wewe uliyashika Jumamosi. Yalikuwa na rangi gani?"

Wakili alisema hakimu haulizwi maswali. Kanali Bovill alikuwa amekwishafumba macho, akiyakumbuka.

"Njano," alisema. "Njano safi. Nilimwambia mke wangu sijapata kuona."

Watia makaa wakaanza kucheka, kicheko kikapanda kutoka benchi hadi benchi mpaka karani naye akajificha nyuma ya majalada. Strickland alikuwa akitazama viatu vyake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye kitanda cha mboga. Kanali alipopata sauti yake tena alifuta shtaka la Pragnell, akaagiza Strickland asitoke mjini mpaka aeleze sahihi zake. Mkaguzi wa serikali, aliyekaa pembeni akiwa ameiva masikio, alisimama bila kuombwa na kusema hatii sahihi ya safari mpaka meli igeuzwe na kila mashua yenye namba shufwa iguse maji mbele ya macho yake.

Alasiri nusu ya mji ilikuwa gatini. Meli ndogo tatu za kuvuta ziliizungusha Amarantha taratibu, na kwa mara ya kwanza pale Southampton ubavu wake wa kushoto ukatazama maji. Wauza pai walimaliza pai zote. Kila mashua iliyokwama ilishangiliwa, na zilikwama tisa kati ya kumi na nne. Namba ishirini iliteremka ncha moja tu, ikabaki inaning'inia, makasia yakimwagika majini. Ndani ya namba kumi na nane mlipatikana vitunguu, na seremala wa meli akaanza kutazama mawingu. Watu walicheka hadi machozi, lakini niliwaona wanawake wa Northam wakihesabu kwa vidole, mashua kwa mashua, na hao hawakuwa wakicheka.

Nahodha, ambaye siku ile alipata kujifunza mengi kuhusu meli yake, alimwambia Dibden akawashe taa zake kama kawaida na asimwonyeshe tena mboga. Dibden alimfuata Tuckwell na kombe mikononi.

"Chukua. Kanuni ni kanuni."

Tuckwell alilishika, akaliangalia, na uzito wake ulimpendeza kuliko alivyotaka kukubali. Kisha akamrudishia. Alisema haoni raha kumnyang'anya mtu aliyemshinda mara mbili kwa wiki moja. Ila mwaka ujao, aliongeza, kuna pembe ya bustani yake iko wazi, pana kivuli kizuri, na Dibden aje aoteshe nchi kavu kama binadamu, ili apigwe kihalali. Dibden akamkumbatia mbele ya watu, na kombe likamgonga Tuckwell mgongoni.

Namba kumi na sita iliachwa ya mwisho. Pragnell aliomba awemo, na watia makaa saba wakaingia naye, udongo wa Dibden ukiwa bado chini ya mbao. Kamba zikalia, mashua ikashuka dirisha kwa dirisha, kelele zote gatini zikanyamaza. Nell alikuwa ameshika mkono wa Harriet Tuckwell, ambaye hakuwa akimjua mpaka asubuhi ile. Mashua ikagusa, ikayumba, ikatulia juu ya maji.

Pragnell aliinama ukingoni, akapitisha kiganja chini ya tumbo la mashua, akakiinua juu ili mkewe akione, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Imelowa, Nell," alisema. "Niletee begi langu."